Mwaka Niliokubali kwa Kichwa

Mwaka uliopita, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nakwenda kazini kwa kushuka ngazi. Vidato kumi na kimoja. Natoka kitandani, nashuka, nimefika. Jioni nazima taa ya karakana, napanda vidato vilevile, nimefika nyumbani. Nikiwa juu namsikia baba mkwe akikohoa chini, nikiwa chini namwona.

Kabla ya hapo tulipanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Nilitembea dakika arobaini asubuhi na dakika arobaini jioni. Watu walinihurumia kwa miguu yangu. Hawakujua kwamba hizo dakika ndizo zilizokuwa zangu. Njiani hakuna aliyeniuliza mkasi uko wapi, hakuna aliyeniambia bomba linavuja. Na jioni, kabla ya kuingia ndani, nilikaa kwa kinyozi jirani yetu tukacheza dama. Pale nilikuwa mtu. Wakiniona naingia walisema, "Haya, ondokeni kwenye benchi, mwenye ubao amekuja."

Mimi ni fundi wa makochi. Niliacha shule darasa la sita, na nilipofika miaka kumi na tano baba mkwe akanichukua kazini, wakati huo hajawa mkwe wa mtu. Nina arobaini na tisa sasa. Kila ninachokijua kuhusu fremu, sponji na kitambaa nimefundishwa na yeye, tena kwa matusi. Mke wangu nilimpata humohumo, alikuwa analeta chai. Kwa hiyo mwajiri wangu ni mkwe wangu, na ukigombana na mmoja umegombana na wote wawili.

Katika karakana yetu kitambaa hakishikwi kwa pini za mashine. Mzee anasema pini ni za viti vya ofisini, vinavyokaliwa na watu wasiokaa sana. Sisi tunatumia misumari midogo. Unaijaza mdomoni, kumi, kumi na miwili, unaisukuma mmojammoja kwa ulimi, nyundo yenye sumaku inaudaka, unapiga. Mikono miwili ina kazi na mdomo umejaa, kwa hiyo huwezi kuongea. Anayekusaidia kushika kitambaa upande wa pili unaongea naye kwa kichwa. Kuinamisha mara moja maana yake vuta. Mara mbili, legeza. Mzee ndiye aliyenifundisha hilo, na tulikuwa wawili tu tunaolijua.

Mwezi wa pili Mzee akapata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Alipotoka hospitali shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja kutoka mji wa mbali anakofanya kazi ili tufanye kikao. Kikao kilifanyika karakanani, maana Mzee alikataa kukaa mahali pengine, na mimi nilikuwa na kochi la mteja la kukabidhi siku hiyohiyo. Nikaendelea na kazi. Mke wangu akanishikia kitambaa upande wa pili, kwa kuwa mwenye kazi hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti na mkono mmoja mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Shemeji akaongea sana. Anajua kuongea. Akasema nyumba ni ya familia, karakana ni ya familia, Mzee hawezi kuachwa peke yake. Kisha akanigeukia.

"Shem, nakuuliza mbele ya Mzee. Mtahamia hapa juu, ushike karakana, mumtunze baba? Utaweza?"

Mimi nilikuwa kwenye kona ya kochi, na kona ndiyo mahali kitambaa kinapokunjamana. Kilikuwa kimelegea upande wa mke wangu. Nikainamisha kichwa mara moja, kwa mazoea.

"Amekubali," shemeji akasema. "Mungu akubariki, shem. Huyu si mkwe, huyu ni mtoto wa kuzaa."

Mke wangu akaachia kitambaa, akajifunika uso, akalia. Nikaanza kutema misumari kiganjani. Ilikuwa kumi na mmoja. Mpaka nimemaliza, shemeji alikuwa ameshanishika bega, ameshamshika baba yake mkono, ameshaangalia saa. Nikamtazama mke wangu analia kwa furaha, nikasema moyoni, sasa hapa unaanzia wapi? Nikafuta mate kwenye misumari, nikairudisha mdomoni, nikamaliza kona.

Ndivyo nilivyohama.

Mwezi wa tatu mke wangu akaacha kazi yake. Alikuwa mtunza stoo katika shule ya bweni, miaka kumi na miwili, na funguo zake kiunoni kama askari jela. Sasa akawa wa kumwogesha baba yake, kumlisha na kufua. Kumwinua ilikuwa kazi yangu. Mwezi wa nne alijaribu kumwinua peke yake wakaanguka wote wawili, nikawakuta sakafuni, Mzee anamtukana, yeye anacheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku hiyo sikwenda mbali zaidi ya duka la vitambaa, na huko nako nilichagua rangi kama mtu anayekimbizwa.

Dama ndiyo iliyoniuma. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituambia mkono wa Mzee unahitaji vitu vidogo vya kushika na kusogeza. Akauliza, "Nyumbani mnacheza mchezo gani?"

Mke wangu akajibu upesi, "Dama. Mume wangu bingwa."

Basi dama ikahamia karakanani. Kila siku saa tisa, kete za vizibo vya chupa, mimi na Mzee. Anainua kete, inaanguka, anaitukana, anaiinua tena. Hatua moja dakika tano. Kumsaidia siruhusiwi, yule mtaalamu alikataza. Kumfunga mfululizo siruhusiwi, hilo alikataza mke wangu. Kwa hiyo nilikuwa nakaa mbele ya mchezo niupendao kuliko vyote nikisubiri kwa adabu nishindwe. Kinyozi alinipigia simu mwezi wa sita kuniuliza kama nimekufa. Nikamwambia bado.

Binti yetu wa mwisho alikuja likizo, akanitazama siku mbili tatu, akasema, "Baba, siku hizi unakaa kama kochi lililomsubiri mwenyewe, akaja akalikana."

"Nani kakufundisha kuongea hivyo na baba yako?"

"Babu."

Mwezi wa kumi na moja akaja Mrefu. Mrefu ni mfupi, jina alipewa kwa dharau likamganda. Tulifunzwa pamoja, akaondoka zamani, sasa yuko kwenye yadi kubwa inayounda mabodi ya mabasi, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Akakaa kwenye kochi ambalo halijakwisha, akabonyezabonyeza sponji, akasema wanatafuta mkuu wa kitengo cha viti. Mafundi tisa chini yake. Saa kumi na moja unafunga, unakwenda zako.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Popote. Ndiyo maana ya kwenda zako." Akacheka. "Nimewaambia ni wewe. Wanataka jibu ifikapo Ijumaa ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Usiniaibishe."

Mzee alikuwa amefumba macho kwenye kiti chake. Nikadhani amelala.

Wiki tatu sikumwambia mtu. Nilipopanda ngazi nilikuwa nahesabu viti vya basi. Nilipomwinua Mzee asubuhi nilikuwa namwinua kwa hasira, na yeye alijua, maana anayenyanyuliwa hafichwi uzito wa mikono. Ikabaki siku nne kabla ya ile Ijumaa, tukakaa kwenye dama kama kawaida, na mimi siku hiyo nikacheza kama kwa kinyozi. Nikala kete zake zote. Sikumwachia hata moja.

Akautazama ubao uliobaki na kete zangu tu. Kisha akasema, polepole kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Yule mfupi alikuambia Ijumaa."

"Ulikuwa macho."

"Nimepooza mkono, sikupooza masikio." Akameza mate. "Na siku ile ya kikao hukukubali. Kitambaa kilikuwa kimelegea. Ulikuwa unasema vuta."

"Ulijua?"

"Nimekufundisha mwenyewe, nisijue?"

"Miezi kumi, Mzee. Ukanyamaza miezi kumi."

"Ningesema, ungeondoka." Akaanza kuokota kizibo, kikamponyoka. "Na mimi niliogopa kubaki na mwanangu yule mwenye maneno."

Ningemjibu ningemtukana, na sijawahi kumtukana. Nikapanda juu.

Mke wangu alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, ya Mrefu na ya kichwa. Nilipofika kwenye vuta, akaweka shuka chini.

"Kwa hiyo hukukubali?"

"Sikukubali. Lakini ulikuwa unalia kwa furaha, ningesemaje?"

"Furaha?" Akanitazama kana kwamba ananiona mara ya kwanza. "Nililia kwa sababu umekubali. Kikao kizima nilikuwa nakuombea ukatae."

"Si ungekataa wewe."

"Mimi? Binti aseme hataki kumtunza baba yake, mbele ya kaka yake, mbele ya baba mwenyewe? Wewe ni mkwe. Mkwe akikataa wanamsema mwezi mmoja, wanasahau. Nilijua wewe husemi maneno matamu. Nikasema huyu atakataa tu. Ukainamisha kichwa."

Tukakaa kitandani, kila mmoja upande wake. Kule chini Mzee akakohoa.

"Shule wamenipigia wiki iliyopita," akasema. "Aliyechukua stoo ameondoka. Wananitaka shule zikifunguliwa. Nikajibu nitafikiria. Sikukuambia kwa sababu hakuna la kuambia."

Jioni hiyo tulimpigia shemeji, simu katikati ya meza, sauti wazi. Nikamwambia ukweli. Akakohoa kikohozi cha mkutanoni.

"Lakini shem, wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mimi sikuvua nguo. Nilivuliwa."

Mke wangu akaziba mdomo asicheke.

"Nipeni muda nijipange," shemeji akasema.

"Kaka," mke wangu akamwambia, "umekuwa na mwaka mzima. Mchukue Baba, au uje ukae naye hata miezi mitatu. Sema ndiyo au hapana."

"Siku ya Alhamisi nitawapa jibu kamili."

Tukamuuliza na Mzee kama anaweza kuhama nasi tukakaa karibu na yadi ya mabasi, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Akasema humu alijenga kwa mikono miwili na atatoka amebebwa na watu wanne. Alisema bila kelele, akiangalia nyundo ukutani.

Alhamisi shemeji hakupiga simu. Ilikuja picha ya mikono miwili imeshikana, na chini yake, "Tuko pamoja." Yeye alikuwa umbali wa kilomita mia sita.

Usiku ule sikulala vizuri, na sikuwa na mengi ya kuwaza, yalikuwa mawili tu. Nikiondoka, mke wangu anabaki na mtu asiyeweza kumwinua, na stoo ya shule inapata mwenyewe mwingine. Nikibaki, yeye anaweza kutoka. Mlango ulikuwa mwembamba, unapitisha mmoja. Anayeweza kumwinua Mzee ndiye anayebaki. Hata kwa mtu wa darasa la sita hesabu hiyo haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa kuisema.

Ijumaa asubuhi nikatoka nje kabisa, nikasimama barabarani, nikampigia Mrefu.

"Hapana," nikamwambia.

"Hapana nini?"

"Siji."

Akatukana kidogo, kirafiki. "Wamekukatalia?"

"Hakuna aliyenikatalia. Nimesema mwenyewe."

Sijui kama alielewa tofauti. Sijui kama ipo. Nilibaki nimesimama pale na simu mkononi mpaka mwenye pikipiki akanipigia honi nimpishe. Sitadanganya kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani na ufunguo anao mwenyewe. Usipoutumia, kuwa na ufunguo na kutokuwa nao hufanana sana.

Mke wangu nilipomwambia alibishana nami siku mbili nzima. Akasema hataki kutoka kwa kunikanyaga mgongo. Nikamwambia mgongo wangu nimeutoa kwa maneno safari hii, na wasemaji wa ukoo watafute la kusema. Mwisho akapiga simu shuleni.

Shule zilifunguliwa wiki iliyopita, Jumatatu. Aliamka mapema, akavaa gauni la bluu ambalo mwaka mzima lilikuwa kwenye sanduku, likambana kidogo kiunoni. Akanielekeza dawa za Mzee mara tatu, uji mara mbili. Mlangoni akaniuliza, "Utaweza?"

"Nenda."

Nikasikia viatu vyake vikitembea barabarani, vya haraka, mpaka vikapotea. Nikarudi ndani. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imening'inia.

"Ameenda?"

"Ameenda."

Akafikiri. "Na soksi atanivalisha nani?"

"Mimi."

"Una mikono kama msasa."

Nikapiga magoti mbele yake, nikauchukua mguu uliolala, nikauweka gotini kwangu.

"Vumilia," nikamwambia.