Mama Chama Haimbi Jazz

Jumapili saa kumi alasiri, Lubumbashi hulala macho wazi. Misa zimekwisha, bukari, ugali wetu, imeshuka tumboni, na mwezi wa kumi joto hukaa juu ya mabati likakataa kuondoka. Maua ya mijakaranda huanguka barabarani yenyewe, bila upepo. Hapo ndipo mimi, Marceline, ninapofungua mikro na kusema, kwa sauti ya chini ambayo mume wangu hajawahi kuisikia nyumbani, "Karibuni mu Velours." Kipindi changu ni cha jazz laini. Nilikiita Velours kwa sababu kitambaa hicho ukikipapasa unasahau ulichokuwa unakasirikia, nami ni mtu wa kukasirika.

Kwa miaka nilipiga saksafoni. Saksafoni baada ya saksafoni, zote zikienda taratibu, zote zikijipenda. Nilifumba macho nikaona mji unaelea: mabati ya mtaa wa Kamalondo, barabara ya kwenda Kasapa, wanafunzi wamejilaza juu ya nyasi za chuo, wote wamebebwa na pumzi ya mtu mmoja anayepuliza shaba mbali sana. Nilidhani na wao wananiona.

Mkurugenzi wetu, Léonard, aliniita ofisini kwake, akaanza kwa Kiswahili cha mji wetu, ambamo watu ni bantu na ndiyo ni njo.

"Marceline, kipindi yako inalalisha bantu."

"Njo kazi yake, Directeur."

"Inabalalisha, kiisha banaamukia ku radio ingine."

Kuna pasta mmoja aliyekuwa akiitamani saa yangu ya kipindi. Léonard alisema wazi: mwezi huu ukiisha bila sauti mpya, pasta anaingia. Nilitoka nimenuna hadi lango la nje. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Muziki wangu ulikuwa umekuwa muziki wa kungojea lifti. Ulikosa mdomo. Ulikosa mtu.

Yassine, fundi wetu wa sauti, mtoto wa Kamalondo ambaye babu zake walitoka Maniema na misahafu yao na cherehani zao, alinisikiliza nikilalamika mpaka akachoka.

"Mama Marceline," akasema, "kilio huanza mfiwa. Tafuta weye mwenyewe."

Basi nikaanza kutafuta. Nilijua nisichokitaka: sauti inayosukuma. Jazz laini ukiisukuma inaanguka, kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilitaka sauti yenye pumzi ndani yake, yenye umri, inayochelewa kidogo kufika ili msikilizaji ainuke kuitazamia.

Alikuja Jephté, mwanafunzi wa Kasapa, kijana mzuri mwenye sauti nyembamba ya juu sana. Aliimba kwa Kiingereza cha Amerika kama aliyeazima mdomo wa mtu na anatakiwa kuurudisha kabla ya giza. Nilimwambia aimbe kwa lugha ya mama yake. Akaniambia mama yake haimbi jazz. Nikamrudisha shule.

Alikuja Donat, mwimbaji wa rumba wa baa za Kamalondo. Huyo alikuwa na koo la siagi, Mungu anisamehe, nilitikisika. Lakini Donat hawezi kumaliza ubeti bila kutupa majina ya matajiri wanaomtunza. Kila saksafoni ilipovuta pumzi, yeye akaingiza mwenye duka la simenti. Nilimwomba aimbe bila jina hata moja. Alisimama mbele ya mikro amefungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nilimwonea huruma kwelikweli.

Mwisho Yassine mwenyewe, kwa aibu, alinijaribia sauti yake ya kasida, ile wanayoimba kwao wakati wa maulidi. Maneno hakuyaweka, alisema hayo hayachezewi. Aliweka pumzi tu, sauti ikipanda, ikipinda kona, ikikaa juu peke yake. Ilinipeleka mbali. Hata hivyo ilikuwa sauti inayotazama mbinguni, na mimi nilitaka inayotazama mlangoni.

Nilipoisema sentensi hiyo kwa kinywa changu, nikajua sauti hiyo ni ya nani.

Mama Chama ni mdogo wa marehemu mama yangu. Jina lake Edith, ila Kamalondo wanamwita kwa mwanawe. Zamani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kilio. Kwetu mtu akifa, wanawake hukaa chini mkekani na kungoja mmoja aanze. Huyo mmoja alikuwa yeye. Alianza chini kabisa, nusu akisema nusu akiimba, na sauti ilikuwa na ufa pembeni ambamo kila mtu alipitisha huzuni yake. Avenyu nzima ilimtambua. Akifungua mdomo, wanawake walifunga vitenge viunoni na kwenda, hata kabla ya kuuliza nani.

Kisha Chama, mwanawe wa pekee, akaenda kwenye machimbo ya kuchimba kwa mikono. Mmoja akaja kusema shimo lilimfunika pamoja na wengine. Mwingine akaapa alimwona Ndola, ng'ambo ya mpaka, mzima, anauza simu. Mwili haukuja. Wazee wa jamaa, mjomba wangu mbele yao, wakakataza kilio: kumlilia mtu aliye hai ni kumsukuma kaburini kwa mkono wako. Mvua zimekuja na kwenda tangu hapo. Mama Chama aliacha kuimba, vilioni, kanisani, hata jikoni. Na watu wanaendelea kumwita Mama Chama mara mia kwa siku.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa unapiga polepole, nami nikaanza kusinzia kwa mdundo ule nimesimama.

"Mama mudogo, nakuya kukuomba sauti."

"Bantu banaombaka chumvi," akasema. "Sauti, hapana."

"Si nyimbo ya kilio. Yoyote tu. Ata ya kulalisha batoto."

Akatwanga. Majani yakageuka kutoka kijani hadi kijani nyingine.

"Ile radio yako, njo ile inasomaka majina ya bale balikufa?"

"Njo ile. Banamaliza communiqués, kiisha minaanza."

"Palepale?"

"Palepale."

"Sitaimba," akasema, na akanipa bakuli la sombe iliyokwisha kuiva niende nalo. Nilikula kwa hasira. Ilikuwa tamu.

Mwezi ulikuwa unakwisha. Nilianza kuota ndoto ya kijinga, mchana, nimeegemea meza: pasta amekaa kwenye kiti changu na saksafoni zote zimepangwa foleni kungoja kuombewa. Niliamka nikamwona Mama Chama mlangoni mwa studio. Amevaa kitenge chake kizuri na viatu vya kufunika vidole. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Weka ile baragumu yako," akamwambia Yassine.

Yassine akamvalisha kaski ya kusikilizia masikioni. Yeye akaisukuma sikio moja likabaki wazi. Saksafoni ikaingia, ile ya taratibu kuliko zote. Mama Chama akaiacha ipite. Ikarudi, akaiacha tena. Nilianza kufikiri ameghairi. Ndipo akaingia chini yake, chini sana, kama maji yanavyoingia chini ya mlango, na ghafla ile saksafoni iliyojipenda miaka yote ikanyamazisha kiburi chake na kumfuata.

"Weye mwenye kujua njia," aliimba, "umuambie nilichoka kusimama. Umuambie nitakaa."

Hakuna zaidi. Aliyazungusha maneno hayo, akayaacha, akayaokota. Mahali pengine hakuimba kabisa, alipumua tu, na pumzi yenyewe ilikuwa na sauti. Nilihisi chumba kimetoka mahali pake, kinaelea juu ya mji, na sisi watatu ndani. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi furaha ya mwizi aliyekuta mlango wazi.

Alipomaliza, Yassine alikuwa amevua kofia yake.

"Mama," akasema, "hii iko..."

"Uiache vile iko," akajibu. "Na usiweke muntu wa kusema mbele yake."

Jumapili iliyofuata, msomaji alimaliza matangazo ya vifo, majina na mahali pa kilio, akatoka. Mimi sikusema karibuni. Yassine aliinua kidole, na sauti ya Mama Chama tuliyoirekodi ikatoka moja kwa moja kwenda mjini.

Nilifumba macho. Niliuona mji wote kama ninavyouona siku zote, lakini safari hii haukuwa unaelea. Ulikuwa umesimama. Mtu ameshika kikombe hakinywi. Mwanamke anamsuka mwenzake, vidole vimetulia ndani ya nywele. Simu ya studio ikalia wimbo haujafika katikati, kitu ambacho Velours haijawahi kukijua.

"Iko sauti ya nani?" akauliza mama mmoja.

"Ya mama yangu mudogo," nikasema kwa majivuno.

"Oh, pole sana. Tunakuya." Akakata.

Niliona ajabu kidogo. Wa pili akasema pole vilevile. Wa tatu alikuwa analia, nami nikajiambia, Marceline, umeiponya jazz.

Kipindi kilipokwisha nilikwenda Kamalondo kumpelekea habari njema. Kuanzia kona ya avenyu niliona viti vya plastiki vinapita juu ya vichwa vya watu. Wanawake walikuwa na unga na makaa, vitenge viunoni. Wanaume walishawasha moto mbele ya ua, na turubai lilikuwa linafungwa kwenye ukuta wa jirani. Mjomba wangu, yule aliyekataza, alikuwa ameketi kati yao, mikono juu ya magoti, kwa kuwa hakuna mzee anayeweza kuwafukuza watu waliokuja kulia. Wimbo wangu wa jazz, uliotoka baada ya majina ya wafu, Kamalondo yote iliusikia kama inavyoijua sauti ile: kuna msiba kwa Mama Chama.

Simu yangu ikalia. Léonard.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, Directeur. Balisikia vibaya."

"Basi sikiliza muzuri. Mbele ya habari ya jioni unaingia ku antenne, unasema: hakuna muntu alikufa, ilikuwa muziki tu. Hatuwezi kuitwa radio ya bongo, ya kudanganya bantu. Ukisema vile, Velours inabakia kwako, na saa ingine juu yake, sababu bantu hawajasikilizaka sisi hivi ata siku moja. Ukikataa, pasta anaanza Jumapili inakuya."

Sitaficha: moyo wangu ulicheza. Saa zangu mbili, si moja tena. Akilini nilimwona Yassine akipinda kona na kasida zake, nilimrudisha hata Jephté na mama yake, nikampa Donat wimbo usio na jina. Sentensi moja tu, nayo ilikuwa sentensi ya kweli. Niliingia ndani ili nimwombe radhi mama mdogo na kuwaomba watu wabebe viti vyao.

Alikuwa chini mkekani, miguu ameinyoosha, nywele amezifungua, kama anavyokaa mfiwa. Wanawake walimzunguka. Nilipiga magoti kando yake.

"Mama mudogo, unisamehe. Bantu balidanganyika. Balisikia sauti yako bakafikiri iko kilio. Sasa nakwenda ku radio kubaambia."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hakuwa na haraka.

"Habakudanganyika," akasema. "Mimi njo nilikuya pale na miguu yangu. Ulifikiri nilikuya kuimba jazz?"

Nikashuka kutoka magotini, nikakaa mkekani.

"Banene ba jamaa balinikatalia. Hakuna mwili, hakuna kilio. Minasimama ku mulango, minasimama, minasimama. Weye uko na saa yako, palepale nyuma ya majina ya bale balikufa." Akanishika kifundo cha mkono. "Balikuya, Marceline. Banamulilia. Sasa unataka kuenda kubaambia mutoto wangu hakukufa?"

Mwanamke mmoja nyuma yake akaanza wimbo, chini, akikosea pale ambapo yeye asingekosea. Mama Chama akaufuata bila kumsahihisha.

Nilirudi studio. Njia nzima mji ulikuwa laini na wa zambarau, na sikumbuki nilipita wapi. Yassine alinipa kiti. Léonard alisimama nyuma ya kioo, amekunja mikono, ananitikisia kichwa kunitia moyo. Taa nyekundu ikawaka.

Nilitafuta ile sauti yangu ya velours, sikuipata. Ikatoka ya nyumbani, ile mume wangu anayoijua.

"Jamaa ya Mama Edith, wa Kamalondo, inatangaza kifo cha mutoto wao Chama," nikasema. "Siku hatuijui. Fasi alilala, kaburi yake, hatuijui. Kilio iko kwa mama yake."

Léonard alikuwa anagonga kioo kwa kiganja. Nilisema jina la Chama mara ya pili, kwa ajili ya wale waliokuwa mbali na redio, kisha nikafunga mikro, nikaenda kumlilia ndugu yangu.