Lundo la Mawe la Wariara

Shamba la Wariara kule Ndabibi lilikuwa ekari nne, ila mawe nayo yalitaka sehemu yao. Yeye na mumewe Kinyanjui waligawiwa ardhi hiyo mwaka wa 1969, mzungu wa hapo alipouza ranchi yake. Tangu hapo, kila msimu waliokota mawe wakayatupa juu ya kilima kidogo walichokikuta pale kwenye kona, hadi lundo likapita kimo cha mtu, na bado mawe hayakwisha.

Mwaka wa tatu akaja Daksha. Alikuwa msichana wa Milimani, Nakuru, binti wa muuza mabati, na chuoni alikuwa amesomea mambo ya kale. Alikuja na Land Rover kuukuu na vibarua sita, akitafuta makaburi ya mawe ya wafugaji waliokaa bondeni humo miaka elfu tatu nyuma, kabla watu wa huko hawajajua chuma.

"Mama, kuna lundo lolote la mawe la zamani hapa?"

Wariara hakupepesa jicho. "Si lile pale, mwanangu? Nyanya yangu alisimuliwa na nyanya yake. Hata ng'ombe hulikwepa."

Nyanya huyo alizaliwa Nyeri akafia Nyeri, na Ndabibi hakuwahi hata kuisikia.

Daksha akalizunguka lundo, akainua jiwe moja, akaligeuza, akalirudisha taratibu. "Tukilifungua, mawe tupeleke wapi?"

"Korongoni," Wariara akasema upesi mno. "Mbali kabisa."

Jioni Kinyanjui aliisukuma kando sahani yake ya githeri. "Utatufungisha, mama. Hayo mawe nimeyabeba mimi, mgongo wangu ni shahidi."

"Basi upumzishe huo mgongo. Wenye nguvu wamejileta wenyewe."

Kwa siku tano vibarua walibeba mawe, na Wariara akawapikia uji na kuwahimiza kama nyapara wa barabara. Siku ya sita Daksha akamwita. Mkononi alikuwa ameshika akala, kiatu kilichokatwa kwenye tairi, ukanda mmoja umekatika.

"Mama Wariara, wafugaji wa miaka elfu tatu walivaa hizi?"

Kinyanjui, aliyekitafuta kiatu hicho mwaka mzima, alijitia kukagua ua.

"Labda walikuwa na gari," Wariara akajibu.

Daksha alicheka mpaka akakaa chini. "Nilijua tangu siku ya kwanza, mama. Mawe yako yana alama za jembe. Lakini ukingoni, chini yake, niliona mengine yamepangwa mduara. Nikasema, huyu nikimwambia ukweli, haniruhusu kuchimba."

Wariara akahisi kuibiwa, ingawa hakujua ameibiwa nini. "Ukweli gani huo?"

"Njoo uone."

Ndani ya mduara wa mawe makubwa, mifupa ya mwanamke ilikuwa imelala ubavu, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyejilaza kidogo tu. Kichwani pake palikuwa na bakuli la jiwe na vipande viwili vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, vikali kama wembe. Bakuli lilikuwa limelika ndani, sawasawa na jiwe la kusagia la mamake Wariara.

"Alisaga sana huyu," Wariara akanong'ona. Aibu ikamshika. Miaka mitatu amekuwa akimtupia mwenzake mawe.

"Sasa kisheria hapa hapalimwi tena," Daksha akasema kwa upole. "Tutaweka ua. Kama robo ekari hivi."

Aibu ikayeyuka. "Robo ekari! Basi hao vibarua wako hawaendi popote. Umenichukulia kona, nisafishie shamba lililobaki."

Walibishana hadi chai ikapoa, Kinyanjui akiwatazama kwa zamu kama mtu aliye kwenye mechi. Mwishowe Daksha akakubali. Kwa wiki nzima vibarua wakaokota mawe ya ekari zote zilizobaki, wakayarundika kando ya barabara. Msimu uliofuata mahindi ya Wariara yalisimama wima, na majirani wakaanza kuuliza yule msichana wa Land Rover anapatikana wapi.

Lakini kabla ya kuondoka, Daksha alipanda juu ya lundo jipya na kopo la rangi nyeupe. Kwenye jiwe kubwa kuliko yote akaandika: WARIARA, 1972.

"Ya nini hiyo?" Wariara akauliza.

"Mimi nawajua wenzangu. Wakiona lundo tu, watataka kulifukua," Daksha akasema, akipangusa brashi.