Mashine Tatu na Sauti Moja

Jumamosi asubuhi fundi redio alifunga duka lake kabla hata hajalifungua sawasawa. Alibandika karatasi mlangoni kuwaambia wateja warudi Jumanne, akatia bisibisi zake kwenye mkoba, akavuka barabara kwenda nyumbani kwa baba yake. Mwenye redio iliyokwama angevumilia. Yeye fundi alikuwa na siku mbili tu, na hakuwa tayari kumgawia mtu hata saa moja.

Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta. Sikio la kulia lilikufa zamani, na la kushoto lilikuwa na uvimbe ambao ungepasuliwa Jumatatu. Daktari wa masikio hakumung'unya maneno: uvimbe lazima utoke, na mzee anaweza kuamka hasikii chochote tena maishani mwake. Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya imepanda. Walipokuwa njiani kurudi ndipo alipomwambia binti yake anachotaka kabla ya Jumatatu. Alitaka kumsikia marehemu mkewe, mama wa fundi, akiimba, mara moja, kama alivyokuwa.

Mama alikuwa mwimbaji wa bendi ile ile ya Baba, na bendi ilitoa santuri moja tu kabla haijasambaratika. Santuri ilikuwepo, haina mkwaruzo. Mashine ya kuipigia nayo ilikuwepo sebuleni, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Tatizo ni kwamba tangu Mama afariki, miaka sita sasa, kila ilipopigwa mzee alisikiliza ubeti mmoja, akasema, "Huyu si yeye," akatoka nje. Shangazi alisema ni majonzi. Kaka mkubwa alisema ni uzee. Fundi alisema ni mashine, maana fundi akikosa la kusema husema ni mashine.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo Bwana Meno alikuwa amekwisha fika. Huyu alikuwa daktari wa meno, mteja wake wa miaka mingi, ambaye kila alichochuma vinywani mwa watu alikipeleka kwenye santuri. Alileta mashine zake mbili za fahari, amezifunga kwa mablanketi kama watoto wachanga, akakataa kusaidiwa kuzibeba.

Sasa, santuri hulala juu ya sinia, na sinia lazima lizunguke. Ugomvi wote wa wapenda santuri ni juu ya nani alizungushe. Mashine ya kwanza ya Bwana Meno ilitumia mkanda: mota imekaa kando, na ukanda mwembamba wa mpira unalivuta sinia, ili mtikisiko wa mota usifike kwenye sindano. Ya pili haikuwa na mkanda wala nini. Sinia lilikaa juu ya mota yenyewe, likaenda bila kuyumba. Ile ya Baba ilikuwa ya mtindo wa mababu: gurudumu dogo la mpira limebanwa kati ya shafti ya mota, ule mhimili unaozunguka, na ukingo wa sinia, linasukuma kwa nguvu na kuunguruma kidogo. Bwana Meno aliitazama hiyo ya tatu kama anavyotazama jino la kung'olewa.

Walianza na mkanda. Sauti ilitoka safi, ukimya kati ya maneno ukawa ukimya kweli, na Bwana Meno akafumba macho kwa raha. Mzee aliinamisha sikio lake la kushoto kwenye spika, akasikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Akasema imesafishwa vizuri, lakini huyo ni dada yake mkubwa. Mama hakuwa na dada.

Wakaweka ile ya mota chini ya sinia. Safari hii gitaa lilisimama imara, hakuna noti iliyolegea, na fundi akaona mguu wa baba yake unaanza kupiga mdundo. Mama alipoingia kuimba, mguu ukatulia. "Si yeye," mzee akasema.

Kwa gurudumu la mpira ngoma zilipiga kifuani, na hata Bwana Meno alikiri, kwa shida, kwamba zina nguvu. Lakini jibu lilikuwa lile lile.

Ilikuwa saa nane mchana. Bwana Meno akatoa karatasi ya duara yenye mistari myeusi, akaiweka juu ya sinia la kila mashine chini ya taa. Mwendo ukiwa sahihi, mistari ile huonekana imesimama. Ilisimama kwenye zote tatu. Akamvuta fundi pembeni, akamwambia kwa upole kwamba mashine hazina kosa, na kwamba sikio lenye uvimbe si sikio la kuliamini. Fundi alimheshimu Bwana Meno, lakini hilo lilimchoma. Baba yake alikuwa mtu wa kukatisha mazoezi ya bendi nzima kwa ajili ya waya mmoja wa gitaa uliolegea.

Fundi akaingia chumbani, akatoa tarumbeta la Baba uvunguni mwa kitanda ili alilinganishe na santuri. Ni lile lile lililosikika kwenye santuri. Mzee alikatazwa kupuliza, sikio lisije likapasuka, basi ikabidi apulize binti. Alijua noti moja tu, ile ya kufungulia wimbo, ambayo Baba alimfundisha akiwa mdogo. Alipuliza mara ya kwanza ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa. Mara ya nne ikatoka noti. Akaishika mpaka pumzi ikaisha, akaangusha sindano upesi.

Tarumbeta la kwenye santuri lilikuwa chini ya noti yake. Si sana, lakini lilikuwa chini. Akapuliza tena kwa mashine ya pili, kisha ya tatu, na kila mara santuri ilishuka vile vile. Bwana Meno, apewe haki yake, hakubisha tena. Alisema polepole kwamba basi mashine zote tatu zinasema kweli na santuri ndiyo yenye kosa; siku ya kuichonga, mashine ya kiwandani ilikwenda mbio, kwa hiyo anayeipiga kwa mwendo wa kawaida humsikia mwimbaji ameshuka na kupoa.

"Lakini Mama alipokuwa hai ilikuwa sawa," fundi akasema. "Si ndiyo, Baba?"

Mzee akasema ilikuwa sawa kabisa. Santuri ilipoletwa kutoka kiwandani Mama aliisikiliza mara moja, akasema wamemfanya dume. Kesho yake Baba alikwenda kupiga harusini, Mama akabaki amejifungia na mashine mchana kutwa. Baba aliporudi, wimbo ulikuwa umekaa mahali pake. Alipomuuliza amefanya nini, Mama alimwambia ashike tarumbeta lake, mambo mengine amwachie.

Fundi aliketi chini, pale pale sakafuni. Aliikumbuka ile wiki ya matanga. Alikuwa hajui pa kuweka mikono yake, akaifungua mashine kuisafisha iwe kama mpya, zawadi kwa baba yake. Kwenye shafti ya mota alikuta selotepu iliyogeuka manjano, imezungushwa mara kadhaa, imejaa vumbi. Aliiona ni uchafu. Aliikwangua kwa wembe, akaifuta shafti kwa spiriti mpaka ikang'aa, na alijipongeza.

"Baba, ni mimi," akasema. "Mama alinenepesha shafti kwa selotepu ili sinia likimbie zaidi. Mimi nikaitoa. Miaka sita unatuambia si yeye, na sisi tunakuona umechanganyikiwa."

Machozi yalimtoka waziwazi. Mzee hakumkaripia wala hakumbembeleza. Aliuliza kama selotepu bado zinauzwa.

Jumapili asubuhi kazi ilianza mapema. Bwana Meno alikuja na taa yake ya kazini, ile ya kumulikia magego, akaishika juu ya mota bila kuambiwa. Mashine zake hakuzitoa kwa kazi hiyo. Alisema wazi kwamba hazibandikwi selotepu akiwa hai, na fundi hakumlaumu, kwa kuwa aliitaka ile ya gurudumu. Akazungusha selotepu mara moja, akaibana kwa kucha isiwe na mkunjo, akapuliza tarumbeta, akaangusha sindano. Bado chini. Akazungusha ya pili. Midomo ilikuwa imemvimba. Bwana Meno akashauri apumzike, akajibiwa kwamba atapumzika Jumanne.

Mzunguko wa tatu, noti yake na noti ya santuri zilikutana, na hapo katikati hapakupita hata unywele. Ile karatasi ya mistari ilipowekwa, mistari ilikimbia. Bwana Meno akaikunja, akaitia mfukoni.

Kisha fundi akarudisha sindano mwanzo, akakaa mbali na baba yake ili asimbane. Mashine iliunguruma kidogo. Ngoma zikaja, tarumbeta likafungua, na Mama akaingia, mwepesi, mkali, mwenye haraka kidogo kama alivyokuwa jikoni, sokoni na kila mahali. Fundi mwenyewe alikuwa amesahau.

Mzee hakutoka nje. Alisikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka sindano ilipofika mwisho na kubaki ikikwaruza. Binti yake aliinuka kuirudisha, mzee akamzuia kwa mkono.

"Inatosha," akasema. "Huyo ndiye. Kesho wapasue."