Pini ya Mkono wa Kulia

Kabla ya kiharusi, majirani walimwita Kapteni, na jina lilimkaa. Alikuwa akiendesha trekta kati ya mistari ya mahindi bila kugusa jani. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Mguu uliburuta, na vidole vya mkono ule viliweza kushika kitu lakini havikujua vimeshika nini.

Trekta lilikuwa la ndugu wawili. Asubuhi hiyo mdogo wake alikuja akiwa na shati la safari.

"Kaka, tusigombane. Palilia shamba hili mwenyewe, mtu asikusaidie. Mahindi yakibaki salama, trekta halitoki hapa. Ukiyakata, Jumamosi mnunuzi anakuja."

"Leta kiti ukae," Kapteni alijibu. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. "Utachoka kusimama ukiniangalia nikikushinda."

"Shemeji, umemsikia mumeo?" mdogo wake alisema. " Mdomo haujaugua hata kidogo."

Mke wa Kapteni alicheka, kisha akageuza uso.

Kazi yenyewe Kapteni aliijua kama njia ya chumbani kwake. Nyuma ya trekta, jembe hushikwa sehemu tatu: mbili chini, moja juu. Pembeni kuna mikono miwili ya chuma inayolizuia lisiyumbe kushoto na kulia. Wakati wa kulima unatoa pini, mikono inalegea, jembe linapata nafasi ya kucheza. Wakati wa palizi unazirudisha, mikono inakaza. Tundu la mkono wa kushoto lilikuwa limelika zamani, pini yake ilikaa kama pambo tu. Jembe zima lilitegemea pini ya mkono wa kulia.

Mkewe alisikia chuma kikigonga chuma, pumzi zikikatika, kimya, halafu chuma tena. Alitamani kwenda. Badala yake aliwapa mgongo, akajifanya anatafuta mawe shambani, maana hakuweza kutazama vidole vile vikihangaika. Aliona kumtazama ni kumvua nguo mbele ya mdogo wake.

Kila alipomaliza kufunga jembe, Kapteni alilisukuma kwa nyonga. Likitulia, alisema neno lake moja. Hata leo alilisukuma kwa nyonga ileile ya siku zote, ya kulia.

"Limekubali," alisema.

Mkewe alishusha pumzi.

Pale shamba lilipokuwa tambarare, mambo yalikwenda vizuri. Magugu yalipinduka, mahindi yakabaki wima. Mdogo wake aliinuka kitini, akaanza kutabasamu kama mtu anayefurahi kushindwa. Kisha trekta likafika kwenye mteremko. Jembe likateleza upande wa chini, taratibu, likaingia kwenye mstari.

"Simama!" mkewe alipiga kelele. "Baba, simama!"

Injini iliimeza sauti yake. Kapteni alitazama mbele, kama alivyotazama maisha yake yote, kwa sababu jembe lake halikuwahi kumdanganya. Nyuma yake mahindi yalilala mstari mzima, kisha mwingine. Alipogeuza trekta ndipo alipoyaona.

Mkewe alimfikia akiwa amezima injini. Alimshika ili ashuke, na mkono wa kulia haukufunguka. Akaukunjua kidole kimoja kimoja. Pini ilikuwa ndani, imeacha alama nyekundu kwenye kiganja.

Aliifumba haraka mkononi mwake. Shemeji yake alikuwa anakuja akikimbia.

"Kuna nini? Kimekatika nini?"

"Pini imedondoka," mke alisema. "Chuma cha zamani hiki. Mpe nafasi nyingine, shemeji, nakuomba."

"Haikudondoka," Kapteni alisema. "Nilikuwa nayo mimi. Muda wote nilikuwa nayo."

Mdogo mtu alivua kofia, akaivaa tena. "Kaka," alisema.

Hakuna aliyemlaumu Kapteni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alizunguka nyuma ya trekta akiburuta mguu. Safari hii aligeuka, akaliwekea jembe nyonga ya kushoto, iliyo hai, akasukuma. Jembe likaenda, likarudi.

"Linacheza," alisema polepole.

Mkewe alipiga magoti, akaisukuma pini tunduni mpaka ikafika mwisho. Jumamosi mnunuzi angependa kuliona limekaza.