Chupa ya Vifungo

Kioo kiligonga ukingo wa sinki mara moja, ting, halafu kimya.

Bibi Vifungo alifumbua macho gizani. Sauti ile aliijua kama anavyoujua mlio wa cherehani yake, lakini ilikuwa miaka kumi na saba hajaisikia. Zamani ilikuwa sauti ya mumewe kila alfajiri ya siku ya kuruka. Alikuwa akisuuza chupa yake ndogo ya kioo, anaigonga sinki ili tone la mwisho lidondoke, anaifuta kwa pindo la shati, kisha anakwenda nayo uwanjani. Huko alikinga mafuta kidogo kutoka kwenye tangi la ndege na kuyatazama kwenye mwanga. Kama maji yameingia kwenye mafuta, hukaa chini ya chupa kama ushanga. Injini ikiunywa ushanga huo angani, ndiyo basi tena.

Alidhani ni binti yake kaamka mapema. Alipofika jikoni, sinki lilikuwa kavu na taa haijawashwa, na Kipanga ndiyo kwanza alikuwa anatoka chumbani na mswaki mkononi, uso umevimba kwa usingizi. Kipanga ni jina alilopewa na baba yake akiwa na miaka minne, kwa tabia yake ya kupanda juu ya kabati na kuruka kitandani. Sasa alikuwa mfamasia, mama wa watoto wawili, na leseni yake ya urubani ilikaa kwenye mkoba karibu na funguo za duka la dawa.

"Mbona umesimama gizani, Mama? Umebadili mawazo?"

"Nimebadili viatu tu," alijibu Bibi Vifungo, na akacheka ili mwanawe asimwangalie usoni.

Kipanga alipokwenda kuoga, mama alifungua droo ya chini ya cherehani. Chupa ilikuwa palepale, imejaa vifungo vyeupe ambavyo hakuwahi kuvitoa. Hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Usiku wa kuamkia siku ambayo mumewe aliruka mara ya mwisho alikuwa akishona gauni la bibi arusi, lenye vifungo arobaini na viwili mgongoni, naye akachukua chombo cha karibu asivipoteze. Asubuhi mumewe alikwenda kwenye maonyesho ya ndege bila chupa yake. Marubani wenye ndege zao ndogo walikutana huko kila mwaka, kila mmoja akiruka kutoka kwao. Mumewe hakufika. Watu wa kule walisema walimsikia kwenye redio akitangaza kwamba anatua. Wakatoka nje kumtazama. Mbingu ilikuwa tupu.

Ndege haikupatikana, wala yeye. Walimwengu wakapata la kusema: mtu anayesema natua na asitue, huyo ametoroka, ana mke mwingine mahali. Bibi Vifungo aliyasikia maneno hayo hadi kwenye foleni ya maji. Usiku mmoja aliamini kwamba aliachwa, usiku wa pili aliamini kwamba ni yeye mwenyewe aliyemuua mumewe kwa vifungo arobaini na viwili. Hakuwahi kumwambia mtu.

Alimimina vifungo kwenye bakuli, akaifunga chupa ndani ya kanga na kuitia kwenye mkoba wake.

Safari ilikuwa ni wazo la Kipanga. Alikuwa amepata ramani ya baba yake nyuma ya kabati, ile nakala aliyomchorea yeye, yenye mstari wa penseli kutoka nyumbani hadi kwenye maonyesho, palipotiwa alama ya msalaba. Alitaka kuupita mstari ule mara moja tu, kwa dira na saa ya mkononi kama baba yake, kile kifaa cha kuonyesha njia akikizima. Mama yake, ambaye hakuwahi kupanda ndege ya mwanawe hata siku moja, alisema kama ni hivyo wataupita wawili.

Wakaruka jua likichomoza. Ndege ilikuwa ya viti vinne, ya kuchangia na wenzake wawili wa klabu, na Kipanga alikuwa ameweka mto mdogo kwenye kiti cha mama yake bila kusema kitu. Alimfunga mkanda mwenyewe, akavuta kidogo, akauliza kama unambana. Bibi Vifungo aliyaweka hayo moyoni.

Chini kulikuwa na ukungu mwepesi, kama tabaka la pamba ya kujazia mabega ya koti. Baada ya saa moja na nusu mgongo wa mlima ulijitokeza mbele, na upande wa huku wa mlima kukawa na kiwanja: njia ndefu ya nyasi zilizokatwa, mawe meupe pande zote mbili, mfuko wa upepo, ule wa kitambaa wa kuwaonyesha marubani upepo unakovuma, juu ya mlingoti. Msalaba wa penseli ulikuwa papo hapo.

Kipanga alisema kwenye redio kwamba ameona kiwanja na anatua. Redio ikamjibu kwa mvumo tu. Mama yake alisikia nywele za kisogoni zikisimama, maana maneno yalikuwa yaleyale.

"Sioni ndege nyingine," alisema.

"Labda sisi wa kwanza," alisema Kipanga, lakini sauti yake ilikuwa imekonda.

Magurudumu yaligusa nyasi taratibu. Mwisho wa njia alisimama mzee mmoja, mikono juu, akiwaongoza: huku, huku, kidogo, simama. Alivaa shati la kazi lililopauka, limepigwa pasi. Nyuma yake palikuwa na kibanda cha mabati, meza na viti vitatu. Juu ya meza kulikuwa na glasi tatu za chai, na mvuke ulikuwa bado unapanda.

Injini ilipozimika, hapakuwa na sauti yoyote. Hakukuwa na ndege wa porini. Mfuko wa upepo ulikuwa umejaa na kunyooka, na Bibi Vifungo, aliyeshuka akishika bawa, hakusikia upepo hata kwenye upindo wa gauni lake.

"Karibuni," alisema mzee. "Mmechelewa, lakini karibuni."

Kipanga alimwamkia, akamuuliza kama maonyesho ni hapa. Mzee akamwonyesha mlima. Maonyesho yalikuwa ng'ambo, kwenye kiwanja kingine kilichofanana na hiki kama pacha. Hiki kilifungwa zamani, na yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Kipanga aliitazama ramani, akaona kosa lilipokuwa: baba yake alikuwa ameweka msalaba upande usio wake wa mlima. Aibu ikampanda. Kwa marubani hakuna mzaha mkubwa kuliko kutua kiwanja cha watu wengine. Wenzake wangemcheka hadi apate wajukuu. Akataka waondoke palepale kabla mtu hajajua, dakika kumi tu watakuwa kule.

Mzee hakubishana naye. Alichukua vipande viwili vya mbao, akavitia mbele ya magurudumu kuyazuia, kisha akakaa chini, juu ya nyasi, mbele ya gurudumu la pua.

"Tazama juu ya mlima, binti," alisema. "Mpaka wingu lile litoke, nitakaa hapa. Yule sikumzuia."

Wingu lilikuwa limelala juu ya mgongo wa mlima, jeupe, limetulia, kama shuka lililoanikwa.

Bibi Vifungo ndiye aliyeuliza, yule nani. Aliuliza huku amekwisha kaa kwenye kiti.

Mzee aliwasimulia taratibu. Miaka kumi na saba iliyopita alitua mtu hapa asubuhi, kwa kosa hilihili. Alijicheka mwenyewe, akasema amekwisha tangaza kwenye redio kwamba anatua, sasa watamtania. Alikuwa na haraka, lakini hakukubali kuruka kabla ya kuyatazama mafuta. Akaomba glasi.

"Alisema chupa yake kaiacha nyumbani," alisema mzee. "Mke wake kaijaza vifungo vya arusi ya watu. Aliviona, akaona vibaya kuvimwaga, naye mke kakesha navyo. Alicheka sana."

Bibi Vifungo alishika ukingo wa meza.

"Na mafuta?" aliuliza. "Mafuta yalikuwaje?"

"Safi. Nilimshikia glasi mimi mwenyewe, tukaitazama kwenye jua. Hapakuwa na tone la maji ndani."

Hakulia hapo. Aliuliza mara ya pili, na mzee akamjibu mara ya pili, bila kuchoka, kama anayempimia mtu kitambaa upya kwa sababu amemwona ana wasiwasi. Kipanga aliwatazama wote wawili bila kuelewa. Ndipo mama yake akafungua kanga, akaiweka chupa mezani, na kwa mara ya kwanza akamweleza mwanawe habari ya vifungo. Kipanga alimshika mkono. Alisema tu, "Peke yako, Mama? Miaka yote hiyo?"

Mzee aliitazama chupa. "Safari hii mmekuja nayo," alisema polepole.

Aliwaletea kitabu cha wageni, kikubwa, kurasa zimekunjamana kwa unyevu. Mwandiko ule Bibi Vifungo angeujua hata kwa kuupapasa. Kutoka: nyumbani. Kwenda: maonyesho, kwa njia ndefu. Kurudi: leo jioni, mke wangu ananingoja. Mbele yake palikuwa na nafasi moja iliyobaki, ya kuandika kama mgeni alifika salama. Ilikuwa tupu. Na mstari wa chini yake ulikuwa na tarehe ya leo, wino wake umekwisha kauka.

Kipanga alimuuliza nani kaiandika. Mzee alisema ni yeye, alfajiri, baada ya kuisikia glasi. Akaonyesha rafu kibandani. Glasi ya yule mgeni ilikaa pale peke yake, hakuna aliyeinywea tena. Kabla ya jua kuchomoza iligonga ukingo wa beseni mara moja, ting, na hapakuwa na mtu. Basi akajua kuna wageni, akachemsha maji.

Bibi Vifungo alilikumbuka sinki kavu la jikoni kwake.

Mengine yalikuwa machache. Ndege ya mgeni yule iliingia kwenye wingu, mlio ukakatika kama uzi. Mzee alipanda mlima siku tatu. Upande wa pili kuna msitu mzito na bonde lisilofikika, hakuona kitu. Alikwenda ofisi ya mjini kusema. Wakamwambia rubani huyo alitangaza kutua kwenye maonyesho, watu wengi walimsikia, haiwezekani awe alitua huku. Walimcheka, wakamwambia apumzike. Tangu hapo alikata nyasi na kupaka mawe chokaa, ili mtu akirudi akione kiwanja.

Wakangoja saa mbili. Bibi Vifungo aliomba mfuko wa upepo ushushwe, kwa sababu alikuwa ameona mshono wake umefumuka, akaushona upya kwa uzi wa mkobani. Ulipokuwa mapajani mwake, ulikuwa bado unavuta upande mmoja, upande wa mlima, kama mtoto anayetaka kwenda.

Wingu lilipoondoka, Kipanga alikinga mafuta kwa chupa ya baba yake. Yalikuwa safi. Mzee akaondoa mbao, akawaomba jambo moja: wakirudi wapite kwake, aandike kwamba walifika.

Kwenye maonyesho ndege zilikuwa zimepangwa safu nne, pua zikitazama upande mmoja, watoto wakibebwa kuchungulia viti vya marubani, na moja nyekundu ikijipindua juu huku watu wameshika kofia. Mzee wa redio, yuleyule wa miaka kumi na saba iliyopita, alikuja mbio kabla propela haijasimama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amemsikia Kipanga akisema anatua, akatoka nje, akakuta mbingu tupu, na saa mbili nzima alikuwa amekaa sakafuni chini ya meza yake ya redio. Walipomweleza kila kitu, alivua kofia. Alimshika Bibi Vifungo mkono, akamtembeza safu zote nne, na kwa kila rubani mwenye mvi alisema jambo moja tu: huyu mama hakuachwa, mumewe alikuwa njiani kurudi. Bibi Vifungo alipewa kiti, maji, na mwavuli wa mtu. Hakuzitazama sana ndege. Alikuwa akihesabu wanaomwamkia.

Alasiri waliuvuka mlima kurudi. Kutoka juu walimwona mzee mwisho wa njia, mikono juu, akiongoza: huku, huku, kidogo. Lakini hakuwa amewaelekea wao. Alikuwa amewapa mgongo, akitazama mlimani, na mbele yake hapakuwa na kitu. Kisha akashusha mikono. Simama.

Kipanga alitua. Pale mzee aliposimama, nyasi zilikuwa zimelala mistari mitatu, ya magurudumu matatu, nazo zilikuwa zinainuka polepole. Bibi Vifungo aliizunguka mistari ile asiikanyage.

Mzee aliandika kwenye kitabu kwamba walifika. Mkono wake ulikaa kidogo juu ya nafasi tupu ya mstari wa juu, halafu akamgeuzia Bibi Vifungo kitabu na kalamu. Bibi Vifungo alichukua kalamu. Akaandika: Alisema ukweli.

Chupa aliiacha rafuni, kando ya ile glasi.

Jua lilikuwa linashuka, na Kipanga alikuwa amekwisha panda. Mzee alimsaidia mama mguu wa kwanza, akamwekea vizuri ule mto mdogo, akafunga mlango, kisha akaufungua tena.

"Mje tena, mama," alisema. "Hata kwa kupotea."