Mgeni wa Émérance

Padri alifundisha kwamba sala ya kweli haina maneno mengi: nyamaza, umwandalie Mungu mahali pa kukaa. Émérance, mjane wa bonde la Ruzizi, alisikia sawasawa. Jioni moja mwaka 1954, alipotoka kupalilia mihogo, alifagia nyumba, akaweka kigoda karibu na moto, akatia mirija miwili katika kibuyu cha pombe ya ndizi, akanyamaza.

Mungu alifika moto haujashika vizuri, miguu imejaa vumbi la njia ya Kamanyola. Émérance alionja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenyeji, kisha akamkaribisha. Walikunywa kimya. Katika ukimya ule Mungu alimwita kwa jina alilopewa na nyanya yake, ambalo hakuna aliyebaki hai wa kulijua. Émérance alilia kwa furaha. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu wa watu wote. Kumbe alikuwa na Mungu wake mwenyewe.

Mungu akakaa wiki nzima, akichanja kuni. Tabu ilikuwa pamba. Serikali ilitaka kila mwanamume awe na shamba la pamba, na asiye nalo alipigwa kiboko. Wajane walisamehewa, lakini sasa nyumba hii ilikuwa na mwanamume.

Ndihokubwayo, askari wa chifu, ndiye pia aliyeongoza rozari kanisani. Alipoingia uani alimtambua Mungu mara moja, akavua kofia, akapiga goti.

"Bwana, miye nakujua," alisema. "Lakini shamba yako ya pamba iko wapi?"

"Sina."

"Basi, lala chini."

"Weye! Iko mugeni wangu!" Émérance alipiga kelele.

"Mama, mugeni ni siku mbili. Ya tatu, jembe."

Alimpiga taratibu, midomo ikihesabu. Émérance aliona damu ikitoka upesi, kama ya marehemu mume wake. Alingoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Majirani walirudi kazini.

Émérance alimpaka mgongoni siagi ya ng'ombe wa milima ya Rurambo, akiogopa kwamba sasa atakwenda zake. Asubuhi kigoda kilikuwa kitupu. Alitoka mbio, akamkuta Mungu shambani, ameinama, anang'oa mihogo yake ili apande pamba. Émérance alijifunga kanga kiunoni. Kisha akachukua jembe, akaingia mstari wa pili, wakalima kimya.

Jumapili Ndihokubwayo aliongoza rozari kwa sauti nzuri. Mungu alikaa nyuma kabisa, kando ya Émérance, bila kuegemea ukuta.