Mwendo wa Saa Saba

Miaka thelathini alikuwa karani wa kituo cha mabasi, na wenzake walimwita Ratiba. Ukimtajia saa basi lilipoondoka na saa lilipofika, hujafunga mdomo amekwisha kutoa hii kwa ile, akajua kama dereva alipitia kwa nyumba ndogo. Hesabu hiyo haikupata kumwongopea, na ndiyo aliyomhukumia mdogo wake.

Mdogo wake huyo alihamia mji wa mbali. Alipokuja likizo mara ya kwanza, Ratiba aliiona tiketi yake ya ndege: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo. Mwendo wa saa saba. Baba yao alipofariki, Ratiba alimpigia simu saa kumi na moja alfajiri.

"Nisubirini hadi kesho, dada," alilia.

Hakusubiriwa. Mtu wa mwendo wa saa saba aombe kesho ya nini? Walizika saa kumi alasiri. Yeye akafika saa tatu usiku.

"Ulikuwa wapi kutwa nzima?"

"Angani, dada."

Mbele ya waombolezaji! Ratiba aliona amefanyiwa dhihaka msibani, na kwa miaka sita hakumsemesha tena.

Leo alikuwa ofisini kwa wakala wa tiketi pamoja na bintiye, aliyepata nafasi ya chuo katika mji ule ule.

"Utakaa bweni," alimwonya. "Kwa mjomba wako usikanyage."

Wakala aliwageuzia kioo cha kompyuta. "Siku ya kurudi, mama, anaondoka kule saa mbili asubuhi, anafika hapa saa tisa alasiri. Kilomita elfu kumi na moja na ushee. Safari ya saa kumi na nne, bila kutua."

"Saba," Ratiba alimsahihisha. "Kutoa hukufundishwa, mwanangu?"

Wakala akacheka. "Lingekuwa basi, ungenishinda. Lakini ile saa mbili ni ya kule, na hii saa tisa ni ya kwetu. Wenzetu wametutangulia kwa saa saba. Sisi tukiamka, wao wanakula cha mchana."

Vidole vya Ratiba vilianza kuhesabu juu ya meza, pole pole, kama vya mtoto wa darasa la kwanza. Saa kumi na moja alfajiri, ongeza kumi na nne: saa moja jioni, hata kama mdogo wake angeipandia ndege mlangoni kwake. Naye alifika saa tatu. Baina ya kupokea msiba na kuruka, alitumia saa mbili tu.

"Mama, unaumwa?"

"Nipe namba ya mjomba wako. Najua unayo."

Simu iliita mara moja tu.

"Dada?" Sauti ilikuwa imejaa hofu. "Nani amefariki?"

Swali hilo lilimpiga kuliko hesabu yote.

"Hakuna aliyefariki," alisema. "Ndugu yangu, ni mimi niliyekunyima kumzika baba."